Redio ya Karibu, Redio ya Taifa na Redio ya Angani

Wenzangu wasomaji, mtanisamehe nikianza na ugomvi. Katika bwalo letu la chakula pana redio moja, imewekwa juu ya rafu karibu na dirisha la jikoni, na kila Jumamosi alasiri hutokea mabishano ya nani aishike. Vijana wa kidato cha pili wataka muziki. Sisi wa kidato cha nne twasema twataka habari, ingawa siku ya mpira hatuzikumbuki habari hata kidogo. Muhula uliopita mabishano hayo yalifika mbali. Mwenzetu mmoja, ambaye nyumbani kwao pana ungo juu ya paa, alisema kwamba kwao redio zashuka moja kwa moja kutoka angani, safi kama maji ya kisima, na kwamba zile redio ndogo za wilayani, za salamu na mbuzi waliopotea, hazina faida ila kumaliza betri. Wengi walicheka. Mimi sikucheka, nami nitaeleza sababu. Lakini kwanza yafaa tujue kila redio hutufikia kwa njia gani, maana tabia ya redio hutokana na njia yake.

Tuanze na ile iliyochekwa. Redio ya wilaya, au redio ya jamii kama wengi waiitavyo, hutumia mawimbi ya FM. Mawimbi hayo huenda karibu kama mwanga uendavyo: hunyoka, hufika upeo wa macho na kupita kidogo, kisha dunia hujikunja chini yake nayo hupotea angani. Mwalimu wetu wa fizikia alitupa hesabu nyepesi ambayo kila mmoja aweza kuifanya kichwani. Chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4. Jibu ni kilomita, kadiri mnara ule uwezavyo kufika mahali pa tambarare. Basi mnara wa mita 100 hufika kama kilomita 40, na wa mita 50 kama kilomita 28. Mtaona kwamba ukipunguza mnara nusu, hupotezi nusu ya mwendo. Ndiyo maana hata redio maskini yenye mnara mfupi haikosi wasikilizaji. Mnara ukisimamishwa kilimani hufaidi zaidi. Walakini mlima ukikaa baina yako na mnara, utasikia mkwaruzo tu.

Duara la kilomita 30 si kubwa. Lakini fikirini ni nani wakaao ndani yake. Ni watu wanaokwenda gulio moja, wanaozikana, na wanaojua kisima kipi kimekauka. Mtangazaji naye hununua samaki wake papo hapo, na akisema uongo asubuhi, jioni huulizwa njiani. Katika nchi yetu redio za namna hii ziko nyingi: Terrat katika Simanjiro ipo ya wafugaji, Sengerema ipo upande wa Ziwa Victoria, Pangani ipo, na Micheweni kule Pemba ipo. Vipindi vyao havifanani, kwa sababu shida za watu wao hazifanani. Mfugaji ataka kujua chanjo ya ng'ombe na mahali penye malisho. Mvuvi ataka upepo na bei ya barafu.

Sitaki kuzisifu kupita kiasi. Redio hizi mara nyingi hazina fedha, na watangazaji wengi ni vijana wanaojitolea, ambao wakipata kazi ya mshahara huondoka. Umeme ukikatika, hunyamaza. Tena penye njaa ya fedha, mwenye kulipia kipindi ndiye msemaji, awe muuza dawa au mtu atakaye kura. Wala msikilizaji haambiwi kila mara kwamba maneno yale yamelipiwa.

Redio ya taifa ni jambo jingine. Ya kwetu ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, mtambo mdogo wa majaribio uliokusudiwa hasa watu wa mji ule. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 Serikali ikalichukua, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, jina ambalo wazee wetu hawaliachi hata leo. Na tangu mwaka 2007 ni Shirika la Utangazaji Tanzania, ambalo idhaa yake kubwa ni TBC Taifa. Kwa miaka mingi sauti yake ilipelekwa kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi hayo hayafanyi kiburi kama ya FM: ya masafa ya kati hufuata mgongo wa ardhi, na ya masafa mafupi hupanda hewani, yakagonga tabaka la juu na kurudi chini mbali sana. Ndiyo sababu mzee aliyekuwa Kigoma aliweza kusikia Dar es Salaam usiku, ingawa sauti ilikuwa ikija na kuondoka kama mtu asemaye katika upepo. Siku hizi kazi kubwa hufanywa kwa mitambo ya FM iliyotawanywa mikoani.

Redio ya taifa huishi kwa fedha za umma na matangazo ya biashara, nayo inapaswa kusema na kila mtu kwa wakati mmoja. Jambo hilo lina nguvu yake. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, vijiji kwa vijiji, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vitabu vidogo vilivyotolewa, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo. Anasema kwamba redio ya kikundi chao ilikaa kwa mwenyekiti, imefunikwa kitambaa, na kuigusa bila ruhusa kulikuwa kosa. Hakuna redio ya kilomita 30 iwezayo kuinua nchi nzima siku moja namna hiyo.

Lakini mwenye kusema na wote huwa hawezi kumwita mtu kwa jina. Hilo nililijua mwaka 1973 haujanihusu, nikiwa kidato cha pili, mwezi wa Mei mwaka 2024.

Kwetu ni kijiji cha pwani wilayani Kilwa, na baba yangu ni mvuvi. Shule yetu iko bara, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kama mjuavyo, haturuhusiwi kuwa na simu hapa shuleni. Ijumaa tarehe 3 Mei, saa mbili usiku, tulikuwa tumemaliza kula, na redio ya bwaloni ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Msomaji akasema kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa inaonya juu ya kimbunga kiitwacho Hidaya, kinachosogea kuelekea pwani ya nchi yetu. Kwamba patakuwa na upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi makubwa baharini. Na kwamba wavuvi wasitoke. Wenzangu waliendelea kuosha sahani. Kwa watu wa bara kimbunga ni neno la jiografia. Wala si ajabu, maana vimbunga hufika kwetu kwa nadra: wazee husimulia kile kilichopiga Lindi mwezi wa Aprili mwaka 1952, wakati Sauti ya Dar es Salaam haijatimiza hata mwaka mmoja.

Mimi nilijua kwamba baba alikuwa dago. Kwa wasiotoka pwani, dago ni kambi ya wavuvi mbali na kwao, pengine kisiwa kidogo kisicho na nyumba wala maji, ambako mashua hulala siku nyingi kufuata samaki. Barua ya mama ya mwezi wa Aprili ilikuwa imeniambia kwamba wangetoka tena mwanzo wa Mei, watu 6 katika mashua moja.

Usiku ule sikulala. Jumamosi asubuhi nilisimama karibu na rafu kabla ya uji kuiva. Redio ya taifa ilisema kila kitu ambacho yapasa redio ya taifa kusema: kimbunga kiko umbali gani, upepo una nguvu gani, mikoa ipi ichukue tahadhari. Haikukosea. Nilizijua kilomita zote, lakini sikujua kama mashua moja yenye watu 6 imegeuza tanga. Mwalimu wa zamu aliniona, akaniuliza, "Kijana, wewe ni wa huko?" Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu. Baba yangu yuko baharini." Akaniazima simu yake papo hapo. Nilimpigia mama mara nyingi siku ile, na kila mara niliambiwa kwamba mteja hapatikani. Mchana kimbunga kilifika pwani karibu na Mafia, na usiku Mamlaka ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu. Bwalo zima lilipiga makofi. Mimi nilikwenda nje.

Jumapili jioni simu iliitika. Nilisema, "Shikamoo, mama," nikashindwa kuendelea. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Baba yako yupo, anakula."

Habari yenyewe niliipata likizo, kwa kinywa cha baba. Kule dago simu zao zilikuwa zimekwisha moto tangu siku ya pili. Walikuwa na redio ndogo ya betri mbili, nao Alhamisi usiku walisikia onyo la redio ya taifa, ila hawakulitilia maanani. Bahari ilikuwa shwari. Tena mvuvi amekwisha sikia maonyo mengi ya upepo usiofika, na barafu waliyonunua ilikuwa bado haijayeyuka. Ijumaa asubuhi mmoja wao aliizungusha redio atafute taarabu, akaangukia redio ndogo ya upande wetu, ambayo pale kisiwani husikika kwa shida. Mtangazaji alikuwa akisoma orodha aliyoletewa na viongozi wa wavuvi pwani: majina ya mashua ambazo bado hazijarudi, na jina la nahodha wa kila moja. Yao ilikuwa ya nne. Akasoma jina la baba, akasema jamaa zako wanakungoja, rudi leo, na msiingie kwa mlango wa kusini maana mawimbi yamekwisha anza kuvunja. Zungukeni kaskazini mwa mwamba, mashua mbili zimepita huko salama.

Baba aliniambia, "Nikisikia mikoa ya pwani, nasikia watu wengine. Niliposikia jina langu, niliona haya." Wakang'oa nanga saa ile ile, wakaacha na samaki waliokuwa wamewaanika. Walifika jioni, kabla ya upepo.

Hapo mwenzetu wa ungo angeweza kusema kwamba nimekwisha toa hukumu. La, hadithi haijaisha. Jumamosi hiyo, upepo ulipofika, umeme ulikatika upande wetu, na ile redio ndogo ikanyamaza. Haikusikika tena mpaka siku ya tatu. Katika siku hizo mbili, watu walipotaka kujua kama kimbunga kimepita au kitarudi, hawakuwa na sauti nyingine ila ya redio ya taifa, kwa wale wenye betri. Ndiyo iliyowaambia pia kwamba mafuriko yamekata barabara upande wa Somanga, na kwamba magari ya kutoka Dar es Salaam kwenda kusini hayapiti. Mama, aliyekuwa akingoja unga kwa basi, aliamua kuusaga mtama uliobaki. Tena tukumbuke kwamba mtangazaji wa redio ndogo asingejua lolote juu ya Hidaya kama Mamlaka isingepima na taifa lisingetangaza. Hakuna wilaya inayoweza kununua chombo cha kuona kimbunga kingali katikati ya bahari. Ile kubwa iliuona upepo. Ile ndogo ilizijua mashua.

Sasa twende angani, maana nisije nikaambiwa naogopa hoja.

Katika kabati la maabara yetu pana redio moja ya ajabu, nyeusi, yenye kibao kidogo cha bapa mfano wa jalada la kitabu, kilichofungwa kwa waya. Haisemi. Mwalimu wa fizikia huitoa kila mwaka tufikapo somo la mawimbi. Ni redio ya setilaiti. Mtu mmoja mzaliwa wa Ethiopia, Noah Samara, aliunda mwaka 1990 kampuni ya WorldSpace huko Marekani, akiwa na nia ya kuipa Afrika redio isiyozuiwa na milima wala umbali. Mwezi wa Oktoba mwaka 1998 setilaiti yao, AfriStar, ilirushwa kwa roketi ya Ariane, ikawekwa juu ya Ikweta, mahali ambapo chini yake ni misitu ya Kongo, kimo cha kilomita zipatazo 36,000. Kwa kimo hicho setilaiti huzunguka pamoja na dunia, hivyo kwetu huonekana kama imesimama, nawe ukielekeza kibao chako upande wake mara moja, basi. Ilimulika Afrika yote na nchi za Waarabu kwa mihimili mitatu. Sauti ilipanda na kushuka kama kilomita 72,000, ikachukua karibu robo ya sekunde, nayo ilifika bila mkwaruzo hata jangwani.

Ikumbukeni ile hesabu ya mnara: kilomita 40 kwa mnara wa mita 100. Hapa mnara mmoja watosha bara zima. Kwa nini basi redio ile iko kabatini?

Mwalimu alituachia swali hilo wiki nzima. Jibu haliko katika fizikia. Redio za kwanza za aina hiyo ziliuzwa kwa zaidi ya dola 200, wakati redio ya kawaida hupatikana kwa bei ya kuku wawili. Baadaye vipindi vingi vikawa vya kulipia kila mwezi. Walioweza kulipa walikuwa wachache, na wengi wa wachache hao tayari walikuwa na vitu vingine vya kusikiliza. Mwezi wa Oktoba mwaka 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, ikiwa na wateja wasiofika laki 2 duniani kote, wengi wao India, na muda si mrefu huduma ikakoma. Kumbe huko Marekani mambo yalikwenda vingine. Kampuni mbili, XM iliyoanza mwaka 2001 na Sirius iliyoanza mwaka 2002, ziliungana mwaka 2008, na leo zina wateja zaidi ya milioni 30. Wale redio yao huwekwa ndani ya motokaa kiwandani, na mtu aendeshaye siku mbili katika barabara ndefu hupenda kusikia kituo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa safari. Chombo ni kile kile cha angani, ila msikilizaji ni mwingine.

Ungo wa mwenzetu nao ni setilaiti, ingawa uliwekwa kwa ajili ya televisheni na redio zimepanda humo kama abiria. Sauti yake ni safi, nakubali. Nami nilipolala kwao wakati wa likizo fupi tulisikiliza redio za nchi nyingine kwa raha. Ila wahitaji umeme, king'amuzi na televisheni, na mvua kubwa ikinyesha mawimbi yake hudhoofika, kwa kuwa ni mafupi mno na matone huyanyonya. Tena redio ipandayo huko huwa imekusudiwa watu wa mbali, kwa hiyo mtangazaji wake hana habari ya mlango wa kusini wala wa kaskazini. Faida kubwa ya setilaiti kwetu sisi, kwa maoni yangu, ni ile isiyoonekana: mara nyingi ndiyo ichukuayo sauti ya redio za taifa kutoka studio hadi kwenye mitambo ya FM ya mikoani, na mitambo hiyo huitoa kwa kila mwenye redio ya betri mbili. Msikilizaji hapo halipi kitu, wala hajui kwamba habari ya saa mbili imepitia angani kabla ya kumfikia.

Niliyaeleza haya bwaloni, si kwa utaratibu huu, maana nilikuwa nimekasirika. Mwenzetu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba redio ndogo ikizimika penye shida, basi ni ya nini? Ni swali la haki, na sikuwa na jibu siku ile. Likizo ya Desemba niliporudi nyumbani nilikuta watu wa pwani yetu wamechangishana, kila mashua kilo kadhaa za samaki, redio ile ikanunua paneli ya jua na betri mbili za gari. Haitoshi kwa usiku kucha. Yatosha kama saa 5. Wamekubaliana kwamba siku ya hatari muziki uondolewe wote, ili saa hizo zitumike kwa maneno.

Redio ya baba ni ile ile. Huifunga katika mfuko wa nailoni na kuining'iniza kwenye mlingoti. Juu ya kioo chake ametia alama mbili kwa rangi ya kucha ya dada yangu, moja mahali pa redio ya taifa na moja mahali pa redio yetu, ili aweze kuzipata gizani. Nilimwambia habari za mwenzetu, na jinsi sauti ya ungo ilivyo safi, nikamwuliza kama angependa kuwa nao. Alifikiri kidogo. Akaniuliza, "Utafungwa wapi, kwenye tanga?"